Muulize Mzee wa Reli: Nyuma ya kuta za kijivu za Beijing

Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja, na kisa chake nakijua. Tangu ujenzi wa reli mpya uanze huku kwetu, vijana wanashinda kambini na Wachina, wanaonyeshana picha za kwao kwenye simu, na swali likiwashinda wanakumbuka kwamba Mzee wa Reli alisomea injini za treni Beijing miaka ya themanini. Haya, nimechambua nilizoweza. Walioniuliza bei za simu na namna ya kupata viza wanisamehe, hiyo siyo kazi yangu.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Reli. Mimi ni kibarua kwenye ujenzi huku Kigoma. Fundi mmoja wa Kichina alinionyesha picha ya nyumba ya bibi yake Beijing. Niliona kichochoro kirefu, kuta za kijivu kulia na kushoto, madirisha hakuna, milango tu. Nikamuuliza kama ni gereza, akacheka mpaka akakaa chini. Ni mji gani unajengwa namna hiyo? — Kibarua wa Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu, mwakeye! Ana haki ya kucheka, maana anakuonyesha alipolelewa na wewe unamtajia gereza.

Kichochoro cha namna hiyo kinaitwa hutong. Nyumba zimeshikana safu kwa safu, na nafasi iliyobaki kati ya safu na safu ndiyo hutong yenyewe. Haikuzuka hivi hivi. Kublai Khan, mjukuu wa Genghis Khan, alianza kujenga mji wake mpya mwaka 1267, ukaitwa Dadu, ndiyo Beijing ya leo, na mji huo ulipimwa kabla mtu hajaleta kitanda chake: barabara kuu hatua 24, barabara ndogo hatua 12, na hutong nusu ya hapo, yaani mita 9 hivi, kwa maana hatua yao ilikuwa karibu mita moja na nusu. Mwaka 1285 ikatoka amri ya kugawa viwanja. Waliotangulizwa ni matajiri na wenye vyeo kutoka mji wa zamani uliokuwa jirani, na kila nyumba ilipewa hadi mu 8, karibu nusu hekta. Nusu hekta katikati ya mji mkuu! Hapa Tabora watu wanapelekana mahakamani kwa ajili ya hatua mbili za mpaka.

Baadaye wakaja wafalme wa Ming, waliohamishia makao yao Beijing mwaka 1421, na baada yao Qing kuanzia 1644. Viwanja vikakatwakatwa, vichochoro vipya vikapenya kati ya vile vya zamani, vingine vikakunjwa kona kufuata mifereji. Ndiyo maana utakuta hutong imenyooka kwa kamba na ya jirani yake inazunguka mpaka unatokea ulikoingilia.

Nyingi zinaelekea mashariki na magharibi, na sababu yake ni jua. Kule majira ya baridi jua linapita chini upande wa kusini, na upepo unaochoma mifupa unatoka kaskazini, Mongolia na Siberia. Nyumba kuu kwa hiyo inaupa upepo mgongo na kuelekeza mlango kusini. Safu zote zikifanya hivyo, njia kati yake haina pa kwenda isipokuwa mashariki na magharibi. Mwezi wa Januari niliona ndoo ya maji imeganda ndani ya ukumbi, na hapo nikaacha kuuliza kwa nini hawaweki madirisha upande wa nyuma.

Ukitaka kuona wazo lenyewe bila kupanda ndege, njoo Tabora uende Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi. Nje ni ukuta mtupu na mlango. Vyumba vimezunguka ua, na maisha yote yamo humo. Tofauti ni kwamba tembe ni jengo moja lenye paa bapa la udongo, wakati nyumba ya Beijing ni majengo manne yaliyoachana kwenye pembe, kila moja na paa lake la vigae linalomwaga maji. Tena kila jengo lina mwenyewe. La kaskazini, lenye jua, ni la babu na bibi. La mashariki ni la mtoto wa kiume mkubwa na mkewe, la magharibi la wadogo zake. Safu ya kusini, iliyokipa mgongo kichochoro, haipati jua hata kidogo; humo waliwekwa watumishi, wageni na magunia. Kwa familia yenye uwezo kulikuwa na ua wa pili ndani zaidi, wenye geti la mbao lililochongwa, na binti ambaye hajaolewa hakutarajiwa kuvuka geti hilo kuja mbele kwa wageni. Mpangaji wa nyumba hizi alijua kila mtu atalala wapi kabla hajazaliwa.

Mlango wa kuingilia hauko katikati. Uko kwenye pembe ya kusini-mashariki, na ukivuka kizingiti unapambana na ukuta mfupi uliojengwa mbele yako makusudi, inabidi ukate kushoto ndipo uuone ua. Wenyewe watakuambia unazuia mashetani, ambayo yanasemwa hayajui kukata kona. Mimi naona unazuia majirani.

Na ule ukijivu, mwanangu, umo ndani ya tofali lenyewe. Tanuru likiwa limeshaiva wanaziba matundu ya hewa na kumwagia maji juu yake, mvuke unashuka, na tofali ambalo lingetoka jekundu linatoka na rangi ya majivu. Raia hakuwa na ruhusa ya vigae vya njano, hivyo vilikuwa vya mfalme. Kwa hiyo kuta zote zikafanana, na cheo cha mtu kikasomwa mlangoni. Muombe huyo fundi akukuzie picha uangalie chini ya miimo: utaona mawe mawili yaliyochongwa, ambayo nyuma yake ndiyo yanayobeba egemeo la mlango. Ya mviringo mfano wa ngoma iliyosimamishwa yalikuwa ya ofisa wa jeshi. Ya pembe nne yalikuwa ya mtu wa kalamu. Kisha angalia juu ya mlango, hesabu vigingi vya mbao vilivyochomoza. Viwili ni nyumba ya kawaida. Vinne, shusha kofia.

SWALI: Mzee wa Reli, hongera kwa kazi. Sisi hapa Ng'ambo tunaishi wapangaji wengi kwenye ua mmoja, choo kimoja, bomba moja, na kila kukicha ni ugomvi wa zamu ya kufagia. Binti yangu ananionyesha hizo nyumba za Beijing zenye ua na miti, anasema Wachina wanajua kuishi. Ina maana kila familia ilikuwa na jumba lake? Maskini waliishi wapi? — Mama wa wapangaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Mama, swali lako ndilo lililonifanya nikae na barua hizi usiku kucha. Mwambie binti yako picha hizo zimepigwa kwenye nyumba zilizokarabatiwa kuwa hoteli. Beijing niliyoikuta mimi ilikuwa ni Ng'ambo tupu.

Zamani za Qing mji wa ndani ulitengwa kwa askari wa mabango manane, yaani jeshi la watawala wa Qing lililogawanywa kwa bendera nane, na familia zao, na Wachina wa kawaida wakahamishiwa mji wa nje, kusini. Askari hao waliishi kwa posho ya mfalme. Mfalme alipoachia kiti mwaka 1912, posho nayo ikafuata njia hiyo hiyo, na watu waliozoea kufuga ndege na kunywa chai wakaanza kupangisha chumba kimoja kimoja. Kuna usemi wa Beijing wa enzi zile za raha unaotaja nyumba iliyokamilika: turubai la kivuli uani, gudulia la samaki, mkomamanga, mwalimu wa watoto, mbwa aliyenona na kijakazi mnene. Miaka michache baadaye pale penye mkomamanga palilala mpangaji.

Baada ya 1949 Beijing ikawa tena makao makuu, watu wakamiminika, viwanda vikafunguliwa. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Familia zikapangwa ndani ya nyua zilizokuwepo, na mwaka 1966, Mwenyekiti Mao alipoanzisha kampeni ya Mapinduzi ya Utamaduni, wenye nyumba wengi wakasalimisha hati zao kabisa. Halafu likaja tetemeko la Tangshan, tarehe 28 Julai 1976. Tangshan iko karibu kilomita 150 kutoka Beijing, ikasambaratika. Watu zaidi ya 240,000 walikufa kwa hesabu ya serikali. Beijing watu wakaogopa kulala chini ya vigae, wakajenga vibanda katikati ya ua kwa mbao, matofali yaliyovunjika na turubai. Hofu ilipopoa vibanda havikuondoka. Vikawa majiko, vikawa stoo, kijana akioa kikawa chumba chake. Ua ukaliwa wote, ukabaki mkondo wa kupita mtu mmoja.

Mzee mmoja aliyetufundisha kuchonga vyuma karakana alikuwa akinikaribisha kwake, karibu na Mnara wa Ngoma. Familia zaidi ya kumi zilikuwa nyuma ya mlango ule mmoja wenye mawe ya ngoma. Baiskeli uliisukuma kwa kuilaza ubavu. Kushoto kulikuwa na makaa ya mawe yaliyofinyangwa kuwa madonge ya duara yenye matundu, yamepangwa hadi kiunoni na kufunikwa nailoni. Kulia, kuanzia Novemba, kabichi za Kichina za kutosha majira yote ya baridi, zimefunikwa blanketi kuukuu. Bomba la ua lilikuwa moja, limefungwa kamba za majani na matambara lisigande, na asubuhi lilifunguliwa kwa kumwagiwa maji ya moto kutoka kwenye birika. Ndani, chumba chake na mkewe kilikuwa na jiko la makaa na bomba la bati lililotoboa dirisha. Kila nilipoingia aliangalia kwanza lile tundu la hewa lililoko juu ya kioo kama liko wazi, maana gesi ya makaa haina harufu na ilikuwa ikiua watu usingizini kila mwaka.

Choo kilikuwa nje, kichochoroni, cha nyua kadhaa. Hakikuwa na vizuizi kati ya tundu na tundu. Asubuhi walipanga foleni na gazeti mkononi, na kwa kuwa salamu yao ya kawaida ni “Umekula?”, walisalimiana hivyo hivyo hata mlangoni pa choo, nao wenyewe walilicheka jambo hilo. Kabla ya magari ya kunyonya, uchafu huo ulibebwa mgongoni kwenye pipa la mbao. Mbebaji mmoja, Shi Chuanxiang, alipewa heshima ya mfanyakazi wa mfano, na mwaka 1959 Rais Liu Shaoqi akampokea na kumshika mkono, picha yao ikachapishwa nchi nzima. Mapinduzi ya Utamaduni yalipokuja, Liu akageuzwa adui na picha hiyo hiyo ikamponza mbebaji wetu, akateswa, akafariki mwaka 1975.

Sasa nikuambie ninaloliamini, hata kama litamuudhi mtu. Ule ujirani ambao leo unapigiwa picha, wazee wanacheza sataranji kichochoroni, kina mama wanamenya maharage mlangoni, kinyozi ananyoa chini ya mti, ulizaliwa na ukosefu wa nafasi. Nyumba hizi zilijengwa ili watu wasionane. Familia ilipobanwa kwenye chumba kimoja ndipo ikatoka na vigoda vyake nje, na mtoto akawa wa wote kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na kila mtu alisikia akilia. Ulikuwa ujirani wa kweli, nimeula chakula chake. Lakini anayeulilia bila kupanga foleni ya kile choo, mimi namsikiliza kwa sikio moja.

Kuhusu zamu ya kufagia: pale kwa mwalimu wangu bili ya maji iligawanywa kwa vichwa, siyo kwa vyumba, na kila mwezi familia nyingine ilishika daftari la kukusanya. Mgeni aliyekaa wiki alihesabiwa. Waligombana pia, usidhani, hasa juu ya nani kamwaga maji yakaganda njiani. Ila daftari lilikuwa linazunguka, kwa hiyo kila mmoja alijua mwezi ujao atakuwa yeye anayegongea watu milango.

SWALI: Assalaam aleykum. Nimesikia Beijing kuna Waislamu wa tangu zamani. Nao waliishi kwenye vichochoro hivyo? — Mwalimu wa madrasa, Ujiji

JIBU: Waaleykum salaam ustadhi. Tena sana. Kusini-magharibi mwa mji wa zamani kuna mtaa wa Niujie, na msikiti wake unahesabiwa kuwa wa tangu mwaka 996, kabla hata ya Kublai Khan. Nilisali pale Ijumaa nyingi. Ukiwa nje unaona mapaa yaliyopinda ncha, vigae na mbao zilizotiwa rangi, unadhani ni hekalu. Ukiingia ukumbi wa sala nguzo ni nyekundu na juu yake aya zimeandikwa kwa dhahabu, na kibla kinaelekea magharibi, siyo kaskazini kama chetu. Kuna mnara wa pembe sita wa kuangalizia mwezi, na uani makaburi ya masheikh wawili waliofika kutoka magharibi na kufia pale karne ya 13.

Waislamu hao wanaitwa Wahui, lugha yao ni Kichina, na vichochoro vya kuzunguka msikiti vilikuwa vyao: wachinjaji, wauza nyama ya kondoo, wapika maandazi ya unga wa mchele. Mwanafunzi kutoka Tabora aliyechoshwa na kuuliza “hii ni nguruwe?” kila mezani, alikuwa akivuka mji mzima kwa baiskeli kwenda kula kule. Kuna chungu cha shaba chenye dohani katikati iliyojaa mkaa, maji yanachemka pembeni, na wewe unachovya nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba mpaka unaona kijiti upande wa pili, kisha unaipitisha kwenye mchuzi wa ufuta. Nyumba za chini za Niujie zilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na maghorofa yakapanda palepale. Msikiti upo.

SWALI: Mzee, kwa nini walizibomoa kama zina historia hivyo? Zimebaki ngapi? — Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora

JIBU: Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya hutong 3,000 mwaka 1949, na 1,571 mwaka 2003. Nusu, kwa kizazi kimoja na kidogo.

Ugomvi ulianza mapema. Mwaka 1950 msanifu Liang Sicheng na mwenzake Chen Zhanxiang walipendekeza ofisi za serikali mpya zijengwe magharibi, nje ya mji wa zamani, ili mji wenyewe uachwe ulivyo. Walikataliwa. Ofisi zikaingia ndani, na ukuta mkubwa wa mji ukabomolewa kidogo kidogo miaka ya 1950 na 1960. Mimi kama mtu wa reli nina neno hapa: Njia ya 2 ya treni ya chini ya ardhi inazunguka palepale ukuta uliposimama. Kuchimba pale kulikuwa rahisi kwa kuwa hapakuwa na nyumba za kuhamisha. Injinia ndani yangu anapiga makofi, lakini moyo unauma.

Pigo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1990, ardhi ya katikati ya mji ilipoanza kuwa na bei. Asubuhi unakuta ukutani herufi moja nyeupe ndani ya duara, maana yake “bomoa”, na familia inaanza kuhesabu fidia. Wengi walipelekwa maghorofa ya pembezoni, mbali na soko na hospitali waliyoizoea. Halafu maandalizi ya Olimpiki ya 2008 yakaongeza mwendo. Kinga nayo ilikuwepo: mpango wa mwaka 2002 ulitenga maeneo 25 ya mji wa zamani yasivunjwe ovyo, na Julai 2024 UNESCO iliandika Mstari wa Kati wa Beijing, yaani safu ya majumba na malango inayokata mji wa zamani katikati, yenye urefu wa kilomita 7.8, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mnara wa Ngoma na mwenzake wa Kengele ndio mwisho wake wa kaskazini.

Usiandike kwenye insha yako kwamba wakazi wote walilia. Paa lilivuja, ukuta ulipanda unyevu hadi kifuani, na kijana mwenye mchumba alitaka bafu. Waliolia ni wazee, na walilia baadaye, walipogundua kwamba kwenye ghorofa ya 14 hakuna anayepita na kusalimia.

SWALI: Babu yetu alituachia nyumba ya zamani Isevya, ina ua mkubwa na miembe miwili. Warithi tuko watano. Kuna mtu anataka tuivunje yote tujenge fremu za maduka, wengine wanasema tuiache kama kumbukumbu. Wachina walifanyaje? — Mjukuu, Isevya, Tabora

JIBU: Mjukuu, walifanya yote mawili na bado wanabishana. Nikupe mfano wa Ju'er Hutong. Profesa Wu Liangyong alikuta ua uliojaa vibanda, maji ya mvua yanaingia vitandani. Hakuurudisha kuwa jumba la tajiri. Alijenga nyumba za ghorofa mbili hadi tatu kuzunguka nyua mpya, akaiacha miti mikubwa ilipo, na kila familia ikapata jiko na choo chake ndani. Awamu ya kwanza ilikamilika 1990, na mwaka 1992 mradi ukapata Tuzo ya Makazi ya Dunia. Nimeuona, ni mzuri, kuta ni nyeupe na vigae vya kijivu. Kasoro yake ni kwamba nyumba ziliuzwa, na wengi wa wale waliokuwa wakilowa mvua hawakuweza kulipa, hawakurudi.

Na hizo fremu, kule ziliwahi kupamba moto. Waliokaa kwenye ile safu ya kusini niliyoieleza juu walitoboa ukuta wa nyuma, wakaweka dirisha, dirisha likawa mlango, mlango ukawa duka la bia, supu, saluni. Hutong zilichangamka kweli. Mwaka 2017 serikali ya jiji ikaleta matofali na saruji, ikaziba matundu hayo mtaa baada ya mtaa, kwa kuwa hayakuwa na kibali. Nilionyeshwa video ya mteja anapokelea kahawa yake kupitia upenyo uliobaki, huku akipanda ngazi ya mbao.

Kwa hiyo kabla hamjagusa tofali, nendeni manispaa mkaulize upande wa barabara unaruhusiwa nini, na mpate kibali cha maandishi. Fremu mbili au tatu za mbele zinaweza kulisha warithi watano kama hamtakopa kupita kiasi. Nyuma jengeni choo na bafu za ndani kwanza, ndipo mpangaji mzuri atakuja. Miembe msikate. Chini ya mwembe hapalipiwi umeme wa feni. Na huyo anayetaka kuvunja yote, muulizeni ataishi wapi yeye. Kama jibu ni Dar es Salaam, kura yake ihesabiwe mwisho.

SWALI: Mzee wa Reli, mwezi ujao nakwenda Guangzhou kufuata mzigo wa vitenge na viatu. Nitakuwa na siku moja huru. Je, niende Beijing kuona hizo hutong? — Mfanyabiashara wa Mwanga, Kigoma

JIBU: Siku moja? Dada, usijitese. Guangzhou na Beijing zimeachana zaidi ya kilomita 2,000 kwa reli, siku yako utaitumia yote njiani.

Baki hapo hapo. Nenda wilaya ya Liwan, eneo walilokuwa wakiliita Xiguan, walikojenga matajiri wa biashara ya nje. Vichochoro vyake vimetandikwa mabamba ya granaiti, na milango ni ya watu wa joto: mbele kuna mlango mfupi wa mbao, nyuma yake geti la magogo ya mviringo yaliyolazwa, linalosukumwa pembeni, na mwisho mlango mzito wa usiku. Mchana wanafungua ule mzito na kufunga geti la magogo, upepo unaingia, mwizi haingii. Kigoma tunahitaji kitu hicho kuliko madirisha ya alumini. Piga picha, mpelekee seremala wako.

Mzigo ukikupitisha Shanghai ni habari nyingine tena. Vichochoro vya kule vilijengwa na wafanyabiashara kwa ajili ya kupangisha, kuanzia pale wakimbizi wa vita vya Taiping, yale maasi dhidi ya wafalme wa Qing, walipojaa kwenye maeneo yaliyoshikwa na mataifa ya nje miaka ya 1850 na 1860. Nyumba zimebanana, zina ghorofa, geti la mawe, na jiko la pamoja ambamo kila mpangaji alifunga taa yake mwenyewe asije kumlipia mwenziwe umeme. Chama cha Kikomunisti kilianza mkutano wake wa kwanza mwaka 1921 ndani ya nyumba ya namna hiyo.

Beijing iachie safari yenye siku tatu au nne. Ukienda, ruka Nanluoguxiang mchana wa Jumamosi, ni soko la vijiti vya matunda yaliyogandishwa sukari na huwezi hata kugeuka. Ingia kwenye hutong za pembeni yake asubuhi na mapema, wenyeji wanapotoka na ndege wao wakiwa ndani ya matundu. Shijia Hutong namba 24 kuna makumbusho madogo yaliyofunguliwa 2013, ndani ya ua halisi, yana chumba kilichopangwa samani za miaka ya sitini na sabini. Kusini ya Qianmen tafuta Qianshi Hutong, walipokuwa wabadilisha fedha. Sehemu yake nyembamba kabisa ina sentimita 40 hivi, wanaokutana mle mmoja lazima arudi kinyumenyume. Mabegi acha hotelini.